Mbuzi wa Mwisho Mlimani

Mjini walimwita Antena, kwa sababu kila aliposhuka kununua unga na betri alikuwa na ile antena yake begani, kama mtu aliyepotelewa na stesheni ya redio. Alicheka nao, akarudi zake juu. Huko juu hakuwa na wa kumcheka wala wa kucheka naye.

Kazi yake ilikuwa kumfuata mbuzi jike mmoja. Mlima ule ulikuwa umejaa mbuzi waliotoroka mazizini zamani, wakazaliana, wakawa wa mwitu. Walimaliza majani, wakahamia kwenye magome, wakafukua hata mizizi. Kobe, ambao ndio wenyeji hasa wa mlima, wakabaki vumbini bila chakula wala kivuli, wakipungua mwaka hadi mwaka. Wawindaji wa mradi wa kuwaokoa kobe waliwaua mbuzi wengi, lakini waliosalia walikuwa wajanja, wakajificha magengeni. Ndipo akaletwa huyo jike: akafungwa kizazi, akavishwa mkanda wa redio shingoni, akaachiwa. Mbuzi hawezi kuvumilia upweke. Atawatafuta wenzake mpaka awapate. Antena alifuata mlio wa mkanda, akawaita wawindaji, nao wakawapiga risasi wote isipokuwa yeye. Kesho yake jike akaanza tena kutafuta.

"Si umpe hata jina," mwindaji mmoja alimwambia.

"Nikimpa jina atakuwa ndugu yangu. Na ndugu humfanyii haya."

Kila baada ya risasi Antena alikaa juu ya jiwe, mbali kidogo, akimwangalia jike akiwanusa walioanguka na kuwaita mpaka sauti ikamkauka. Angependa kuondoka, lakini alilipwa kuona anaelekea wapi.

Aliishi kwenye kibanda cha mabati chenye kitanda cha chuma, jiko la gesi na kiti kimoja. Mkewe alikuwa amefariki, na aliyebaki wa kumpigia simu ni dada yake mkubwa, kila Jumapili.

"Mdogo wangu, unaongea na nani huko?"

"Si naongea na wewe?"

"Mimi napiga Jumapili tu!"

"Basi naongea Jumapili."

Ikafika wakati mlio ukawa hautulii. Leo bondeni, kesho kileleni, keshokutwa upande wa pili, na kila alipomfikia jike alimkuta peke yake. Asubuhi moja akawasha mashine ya kunasa mlio, ikalia kwa nguvu hata akadhani imeharibika. Akafungua mlango. Jike alikuwa amesimama kando ya pipa la maji, anamtazama. Alikuwa amezunguka mlima wote, na aliyempata ni yeye.

Akampigia mkuu wa mradi. "Mama, leo amenipata mimi."

"Kwa hiyo wameisha," mkuu akasema, na nyuma yake Antena akasikia watu wakishangilia ofisini. Kisha sauti ikashuka. "Lakini na yeye ni mbuzi. Hapo hawezi kubaki. Kama una pa kumpeleka, mpeleke. Kama huna, nitamtuma mwindaji."

Dada yake alikuwa na mbuzi wachache nyuma ya nyumba. Hakusubiri hata aelezwe mpaka mwisho. "Mlete. Na wewe uje, ukae na watu."

Antena akamvua jike mkanda; chini yake ngozi ilikuwa tupu, haina hata unyoya. Wakashuka pamoja nyuma ya pikapu, mkono wake mgongoni kwa mnyama njia nzima. Zizini wenzake walimnusa, akajilaza katikati yao, akafumba macho. Hakugeuka kumtazama Antena.

Antena alijaribu kukaa. Nyumba ilijaa wajukuu na runinga, wote wakiongea kwa mpigo. Akipata la kusema, maongezi yameshahama. Walimpenda, hilo aliliona, lakini alikuwa kama mgeni anayesubiri kuruhusiwa kuondoka. Mradi ulipomwomba arudi kuwaangalia kobe, akapanda.

Majani yalikuwa yameanza kurudi. Kobe mmoja alizoea kutafuna karibu na mlango. Antena alimsalimia kila asubuhi, ingawa kobe si mtu wa kuitikia salamu.

Jumapili simu ikalia.

"Mbuzi wako amenenepa, huwezi kumjua."

"Huwa anasimama kuangalia njiani?"

"Hapana, mdogo wangu. Ametulia na wenzake."

"Vizuri," akasema, na kweli aliona ni vizuri. Kisha wakakaa kimya wote wawili, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata.