Siku Tuliyoshindana na Chatu

Nilikuwa na hasira tangu asubuhi, na sitaki mtu asome hapa akidhani ilikuwa hasira ya kuigiza. Mtoto wangu alikuwa na miezi saba, meno mawili ya chini yanamtoka, na alikuwa ameninyonya usiku kucha kama mtu anayelipa kisasi. Baba yake alikuwa Geita anachimba dhahabu, au ndivyo alivyoaga. Na alasiri ya siku hiyo, kwa amri ya meneja mpya, nilitakiwa nishindane na nyoka ili nibaki na chumba changu.

Nieleze vizuri. Niliajiriwa kiwanda cha vitenge Nyakato mara tu baada ya kumaliza kidato cha nne, na kwenye karatasi niliandikwa msaidizi wa ufumaji. Ufumaji wenyewe sikuufanya hata wiki mbili. Kiwanda kilikuwa na kikundi cha utamaduni, kama viwanda vingi vya umma vya wakati ule, na walipogundua kwamba naweza kusimama mbele ya watu bila sauti kutetemeka, wakanihamishia huko. Kikundi kilikuwa na pande mbili, ngoma na maigizo. Wote tulikaa kwenye kota za kiwanda, tukachota maji bomba moja, tukapanda lori moja kwenda kupokea wageni wa serikali uwanja wa ndege. Hatukuwa na ugomvi wowote.

Kisha zikaja zama za ruksa, za biashara huria. Mitumba ikajaa mjini, vitenge vyetu vikalala ghalani, na kiwanda kikapata mwenye mali. Watu wakaanza kupunguzwa kwa makundi, leo idara hii, kesho ile. Zamu yetu ilipofika, meneja mpya alituita kantini akatuambia bila kuzunguka kwamba anahitaji kikundi kidogo cha kwenda na lori wilayani kutangaza vitenge. Kimoja, si viwili.

"Mimi sijui ngoma wala maigizo," alisema. "Mimi najua wateja. Atakayevuta watu atabaki. Mwingine atarudisha funguo za nyumba mwisho wa mwezi."

Mwenyekiti wetu wa maigizo alikuwa mzee wa mjini, mtaa wa Mirongo, mwalimu mstaafu, kanzu safi wakati wote, mwenye kujibu haraka kuliko anavyofikiri. Akasimama.

"Basi tushindane Kisukuma," akasema.

Ningekuwa karibu naye ningemvuta kanzu akae. Kushindana Kisukuma, kwa asiyejua, ni hivi: ngoma mbili zinawekwa uwanja mmoja, kila moja na upande wake, zinaanza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji, hakuna karatasi. Watazamaji wako huru kutembea. Wakikuchoka wanakwenda kwa mwenzio, na atakayebaki na wapiga ngoma wake tu ameshindwa, aende nyumbani. Mwenyekiti wetu hakuwa Msukuma. Mashindano hayo alikuwa ameyasikia tu, akayapenda kwa sababu yanaonekana ya haki. Na upande wa ngoma walikuwa na chatu. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamume mrefu na mpole, alikuwa akicheza na chatu mzima, mnene kama paja langu, na nimeshuhudia watu wakiacha maziko kwenda kumwangalia.

"Shikamoo mzee," nilimwambia mwenyekiti tulipotoka kantini.

"Marahaba."

"Unajua wenzetu wana nini?"

"Wana nyoka."

"Na sisi tuna nini?"

"Tuna ujumbe," akasema.

Wiki hiyo nilimwandikia kaka yangu Ukerewe kumwuliza kama nikikosa nyumba anaweza kunipokea. Jibu lilikuja na mtu wa meli. Nije, lakini peke yangu. Mtoto apelekwe Sengerema kwa bibi yake, kwa upande wa baba, maana yeye kaka hawezi kulisha damu ya mtu ambaye hakutoa hata mbuzi. Niliisoma mara moja, nikaikunja. Nimpeleke mtoto wangu wa miezi saba kwa watu walioniona siku moja tu, tena nimesimama mlangoni. Kwa hiyo watu wanaposema tulikuwa tunapigania sanaa, waseme wao. Mimi nilikuwa napigania chumba kimoja chenye mlango unaokwama, kwa sababu bila hicho chumba sina mtoto.

Siku ya shindano uwanja wa shule ulijaa. Watu walitoka Nyakato yote na wengine walikuja hata kutoka Pasiansi, maana habari ya nyoka haina mipaka. Meneja aliketi mbele ya gari lake, katikati kabisa, ili aone pande zote mbili. Mtoto nilimwachia jirani yangu mwingine, mama mmoja muuza vitumbua, mwenye mdomo usiofunga, lakini mikono yake naiamini.

Igizo letu lilikuwa la baba anayetaka kumwoza binti yake aliyechaguliwa kwenda sekondari. Mimi nilikuwa mke. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine, kijana mwembamba, kapera, mwoga wa wanawake mpaka huruma. Binti alikuwa mfumaji mmoja mdogo ambaye hakuwa na maneno mengi, kazi yake kulia.

Dakika kumi za kwanza tulikuwa na watu, na mwenyekiti akanitupia jicho la nilikuambia. Watu walikuwa wetu kwa sababu chatu alikuwa bado yumo sandukuni. Kisha nikasikia ngoma za wenzetu zimebadilika, halafu makelele ya wanawake, halafu migongo. Waliondoka kama maji yaliyomwagwa kwenye mteremko. Tulibaki na walevi watatu waliokuwa wamekaa tangu mwanzo, wanaume wawili waliokuwa wakibishana mambo ya mpira, na muuza vitumbua na mtoto wangu.

Tukaendelea. Ilikuwa zamu ya mume wangu kusema, "Ng'ombe kumi na wawili, mke wangu, unajua maana yake?"

"Ng'ombe," akasema. Akanyamaza.

Nikamrudishia neno langu ili akumbuke. Macho yake yalikuwa juu ya bega langu, kule kwa nyoka.

"Amemvaa shingoni," akaninong'oneza.

Hapo ndipo nilipoacha kuigiza. Nilipiga mwiko kwenye sufuria, sufuria ikabiringika mpaka kwa walevi.

"Unaangalia nini kule? Mimi naongea na wewe habari ya mtoto, wewe unaangalia nini? Tangu mtoto huyu azaliwe umemwangalia mara ngapi? Homa yake unaijua? Meno yake unayajua yako mangapi?"

"Mama, taratibu," akasema fundi, akirudi nyuma. Hayo hayakuwamo kwenye karatasi. "Watu wanatutazama."

"Watu gani? Nionyeshe mtu. Wako wapi watu?"

Nilikuwa nikimwambia yeye lakini sikuwa nikimwambia yeye. Nilimwambia mwanamume wa Geita, na kaka wa Ukerewe, na meneja na gari lake, na mzee mwenye ujumbe. Sauti yangu ni kubwa, kwa ajili hiyo niliajiriwa. Nilisema mambo ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mtoto siku moja atajua kusoma.

Sasa, kwetu nyoka ni kitu cha kutazamwa, lakini mke na mume wakigombana hadharani hiyo si ya kutazama. Hiyo ni kazi. Huwezi kupita. Ukipita, kesho wakiuana utaulizwa ulikuwa wapi. Wanawake wa kwanza walikuja mbio, wameshika vitenge visianguke. Walijua wazi kwamba upande wetu kulikuwa na igizo, ila walidhani igizo limeisha na ugomvi umeanza. Nyuma yao wakaja waume zao. Bibi mmoja mfupi, mnene, mwenye viatu vya plastiki, akapenya akaingia katikati yetu akaniwekea mkono kifuani.

"Mayu, kaa chini," akaniambia. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na jinsi alivyolisema ni kama amenimwagia maji. Akamgeukia fundi. "Na wewe kaa kule. Mbali. Haya, mnagombania nini?"

Nilimwona mwenyekiti pembeni akifunua karatasi za igizo, mbele na nyuma, akimtafuta huyo bibi. Niliona pia watu wanavyozidi kuja. Ningeweza kusema, bibi, samahani, sisi ni wasanii. Nilikaa chini.

"Anataka kumwoza binti yetu," nikasema. "Mtoto amechaguliwa sekondari, yeye anataka ng'ombe."

Namshukuru Mungu kwa fundi, akili zilimrudia wakati huohuo. "Kumi na wawili, bibi," akasema.

Wanaume wakaguna. "Kumi na wawili si haba," mmoja akasema. Mwingine akauliza kama wana afya.

"Nyamazeni," bibi akasema. "Nani anawajua hawa?"

Aliyejitokeza alikuwa muuza vitumbua, na mtoto wangu kiunoni. Neno moja la kweli kutoka kwake lingetumaliza.

"Mimi," akasema. "Jirani yao. Kila siku ni hivihivi. Mwanamume huyu hata chumvi haleti nyumbani."

"Mimi?" akalia fundi, na uchungu wake ulikuwa wa kweli kabisa.

"Wewe. Na viatu unavua mlangoni, vinanuka mpaka kwangu."

Watu wakacheka, wengine wakaja kuuliza wanacheka nini. Mtoto aliponiona akaanza kulia. Akapitishwa kwangu mikono kwa mikono, nikamnyonyesha palepale mavumbini.

"Na huyu mdogo naye utamwoza?" bibi akamwuliza fundi.

"Hapana, bibi."

"Kwa nini huyu usimwoze, mkubwa umwoze?"

Kapera wa watu akanigeukia mimi. Binti yetu, aliyekuwa amesahaulika, akalia kwa nguvu, na hapo alilia vizuri kuliko mazoezi yote. Wanawake wawili wakamkumbatia. Bibi akawauliza wenzake, wakanong'onezana, akarudi na hukumu: binti aende shule, na baba atoe mbuzi wa faini kwa kumfokea mkewe hadharani, ingawa aliyefoka ni mimi.

"Sina mbuzi," fundi akasema.

"Una ng'ombe kumi na wawili, huna mbuzi?"

"Nilikuwa bado sijawapokea."

Kicheko kilipotulia ndipo nilipogundua kwamba sisikii ngoma. Upande wa pili walikuwapo wapiga ngoma wanne, wamekaa juu ya ngoma zao. Watu nyuma ya duara letu wakaanza kupishana kwa haraka, njia ikafunguka, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta akaja mpaka mbele, jasho linamtoka, chatu shingoni.

"Samahani," akasema kwa upole wake. "Binti anakwenda shule au haendi?"

"Anakwenda," bibi akamjibu, akisogea hatua mbili.

"Afadhali," akasema.

Mwenyekiti akashika kipaza sauti akatangaza kwamba lililoonekana lilikuwa igizo, lenye ujumbe. Watu wakapiga makofi, ila bibi alikataa kabisa. "Igizo gani lina mtoto anayenyonya kweli?" akamwuliza. Aliondoka akisisitiza habari ya mbuzi. Meneja hakutusogelea. Nilimwona akimwambia ofisa utumishi aandike, na ofisa akaja akatuuliza majina mmojammoja, na mimi nililitaja langu nikiwa bado nimekaa mavumbini.

Jirani yangu mwenye chatu alirudisha funguo kabla ya mwisho wa mwezi. Aliniambia huko Magu na Kwimba watu wakishavuna wanamwita mpaka anakataa, na kwamba chatu hakuwahi kulipenda lori. Sijui kama alisema hivyo kwa ajili yangu. Nilijisikia vibaya siku moja, labda mbili. Sitadanganya kwamba zilikuwa tatu.

Tuliliingiza hilo baraza la bibi ndani ya igizo, na kila tulikokwenda na lori tulipiga sufuria tukasubiri. Hakuna mahali ambapo hakutokea mtu wa kutuamua. Mahali pamoja wazee waliamua binti aolewe, ikabidi wanawake wawapindue, nasi tukachelewa kuuza vitenge.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumatatu iliyofuata shindano majina yalibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Langu lilikuwa la sita. Nilirudi chumbani, nikasukuma mlango kwa bega, nikamlaza mtoto kitandani, nikakaa sakafuni pembeni yake, nikagundua kwamba kwa siku nyingi sana nilikuwa navuta pumzi nusunusu. Kisha nikachukua karatasi.

"Kaka, shikamoo. Chumba nimebaki nacho. Mtoto haendi Sengerema na mimi siji Ukerewe. Msalimie wifi."

Nilitaka kuongeza. Hasira nilikuwa nayo ya kutosha karatasi mbili, na maneno nilishayapanga tangu barua yake ilipofika. Nilishika kalamu muda mrefu. Mtoto alikuwa anakoroma kidogo kwa sababu ya mafua, mkono mmoja ameukunja chini ya kidevu, na mwili wangu wote ulikuwa mwepesi, hautaki kugombana na mtu. Nikalamba bahasha, nikaifunga.