Profesa Aliyesema Jibu

Harufu ya dawa ya kutibu maji hunichefua hadi leo. Nikiinusa kwenye glasi ya hotelini, naiona tena ndoo yetu ya Hai Mauna, mtaa wetu kule Juba, maji ya mto yaliyoletwa na boza, lile lori la tangi, na kutiwa dawa mpaka chai ikanuka hospitali, na pembeni ya ndoo namwona Profesa. Jina lake silitaji. Wengine wamelitaja vya kutosha.

Mliopita vyuoni mnamjua. Ni yule bingwa wa isimu mwenye tuzo na nadharia, aliyezunguka dunia akihutubia juu ya lugha za watoto wa wakimbizi, na kila ukumbi ukasimama na kumpigia makofi. Kiswahili alijifunza pwani, likizo kwa likizo, na alikizungumza kwa sauti ya juu akidhani ukali utafidia sarufi. Kiarabu cha Juba alikuwa na salamu tu, na hizo alizigawa ovyo. Nasema kwa dharau, ndiyo. Sina namna nyingine ya kumsema.

Mimi na mama tulikuwa tumerudi Juba kutoka ukimbizini Kitale, Kenya, baada ya amani kutiwa saini. Nilikuwa na miaka sita. Mama alikuwa mtu wa maneno: Kiswahili cha Kitale, Kibari cha kwao, na Kiarabu alichookota sokoni, vyote chungu kimoja. Akinisuka alinisimulia visa vya majirani tuliowaacha, akiigiza sauti zao, nami nacheka hadi mistari ya nywele inapinda na yeye anaanza upya huku akilalamika. Mchana nilishinda nikicheza kwa jirani, na huko neno lililonifuata kila nilipokaa lilikuwa jibu. Kwa Kiarabu cha Juba, jibu maana yake lete. Jibu kursi, nakimbilia kiti. Jibu moya, nakimbilia maji. Mtoto aliyejivuta alipata kofi la kisogo.

Profesa akaja na fulana yake ya mifuko mingi, akaweka kinasa sauti juu ya kiti cha plastiki. "Salaam taki!" akanisalimu, nami nikajua huyu ni mtu wa Kiarabu. Akainua kadi yenye picha ya kikombe cha maji.

"Hii nini? Jibu!"

Nikatoka mbio nikamletea maji. Aliyatazama, akayaweka chini bila kuonja, akainua kadi ya kuku.

"Na hii? Jibu!"

Kuku wa mama alinizungusha uwanja mzima. Nilimkamata kwa bawa, nikamweka mapajani pa Profesa, na yule kuku, ambaye kati yetu sote ndiye aliyemtambua mgeni mapema, akamnyea. Kadi ya tatu ilikuwa ng'ombe.

"Jibu!"

Nikaangua kilio. Ng'ombe hatukuwa naye, na sikujua nimtoe wapi.

Hapo ndipo nadharia ilipozaliwa, ndugu zangu. Kwamba mtoto wa aina yetu haelewi swali, hana majina ya vitu, na lugha zake tatu ni nusu nusu, hata ukizijumlisha hupati moja. Kabla ya kuondoka Profesa alimwita mama, akamkalisha, akamsemesha kwa upole wa daktari mwenye habari mbaya.

"Mama Keji, huyu mtoto hana lugha. Wewe kuchanganya, unaharibu kichwa yake. Nyumbani Kiingereza tu. Kama hapana, shule itamshinda."

"Lakini Daktari, huyu alidhani..." mama alianza.

"Mimi nimesoma watoto miaka mingi," alisema Profesa, akifuta suruali.

Mama akakubali. Yeye aliishia darasa la tatu, na hakuna kitu duniani alichokitaka kama mimi kusoma. Kiingereza chake kilikuwa salamu na sala. Basi akawa ananisalimu, anasali nami, na kwa mengine yote anafunga mdomo. Alinisuka kimya, mistari ikanyooka sana. Nikianza kumwuliza jambo alitikisa kichwa na kunisukumia kitabu. Nilidhani amenikasirikia kwa sababu ya yule kuku, nikawa namwomba Mungu amsahaulishe.

Tukazoea, na hilo ndilo baya zaidi. Nilisoma, nikafaulu, na ndani ya nyumba tukawa watu wawili wenye adabu, kama wapangaji.

Miaka ikapita. Nikiwa chuoni Kampala, mhadhiri wetu wa isimu alitusikilizisha rekodi maarufu ya mtoto wa Juba. Nikamsikia Profesa akifoka, nikasikia miguu yangu ikikimbia, kisha kuku. Na nyuma kabisa, kutoka jikoni, mwanamke anacheka hadi anakosa pumzi:

"We Keji! Umeambiwa ujibu, si ulete! Ai, huyu biniya amekuwa mtu wa Juba kabisa!"

"Hizo kelele za nyuma mzipuuze," alisema mhadhiri. "Profesa mwenyewe hakuzihesabu."

Kelele! Mtu alibeba mashine ya kunasa lugha kutoka Ulaya hadi uani kwetu, mashine ikamnasa mama yangu akieleza kosa lote waziwazi, kwa Kiswahili, naye akaliita kelele na kwenda kuchukua tuzo. Wenzangu waliendelea kuandika. Mimi nilikuwa nimeelewa, baada ya miaka yote ile, kwamba mama hakuwahi kunikasirikia. Alijua sina kasoro, ndiyo maana alicheka. Kisha akatishwa, akamwamini mgeni kuliko masikio yake mwenyewe, kwa kunipenda.

Nilitoka nje nikampigia simu. Nikamwongelesha Kiswahili cha Kitale, na Kiarabu, na Kibari kidogo nilichobakiwa nacho, nikimweleza kila kitu, nikicheka na kulia. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniambia kwa Kiingereza, polepole, akichagua kila neno, kwamba yeye hajambo, na anamshukuru Mungu.