Fundi Dizeli na Gari Lisilonguruma

Mtaa mzima ulimwita Fundi Dizeli, na hata mkewe, alipokuwa hai, alimwita hivyohivyo mbele ya wageni. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza chini ya malori. Alikuwa na mtindo wake: anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini inayonguruma, mpini anaubana sikioni, kisha anafumba macho kama mtu anayesikiliza anavyosengenywa chumba cha pili. Akifumbua, anakwambia ni nozeli ya tatu, na ukifungua unakuta ni hiyohiyo. Madereva walikuwa hawambishii. Wakubwa wa karakana nao hawakumbishia, ingawa ulimi wake uliwaudhi kila wiki.

Sasa alikuwa mstaafu na mgane, anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu ambavyo viwili vilikuwa vimefungwa. Anajipikia, anaosha sahani moja na kikombe kimoja, na redio anaiacha ikiongea kutwa hata akiwa uani, ili akirudi ndani asikute nyumba imenyamaza. Alikuwa mpweke, tusizungushe maneno. Upweke ulikuwa umemkaa mwilini, lakini yeye asingekiri hata ungemning'iniza miguu juu kichwa chini.

Bintiye, mtoto wake wa pekee, alikuwa muuguzi. Alipopata kazi ng'ambo alimwachia baba yake gari lake, haibridi ndogo nyeupe, la kutumia petroli na umeme. "Nitunzie, baba," alimwambia siku anaondoka. "Usiliache limelala tu, litaharibika betri." Kumwambia maneno hayo mtu aliyelea malori makubwa kama nyumba kulikaribia kuwa tusi, lakini aliyapokea kwa mikono miwili. Gari likabaki uani, chini ya paa la bati alilolijenga mwenyewe.

Tangu hapo binti alikuwa akipiga simu Jumapili, na mazungumzo yao yalikuwa kama ya mgonjwa na mhudumu wa mapokezi.

"Umekula, baba?"

"Nimekula."

"Dawa je?"

"Nimekunywa."

"Haya baba, nakimbilia zamu."

Simu inakatika, na mzee anabaki ameishika, akijilaumu kwamba hakupata la kusema. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu pampu za mafuta. Kuhusu mambo mengine, kinywa chake kilikuwa kizito tangu ujana.

Kuliendesha lile gari hakuliendesha, maana macho yalishaanza kumsaliti na daktari alimkataza usukani. Alichofanya ni kulipasha moto, kama alivyopasha malori. Kila asubuhi baada ya chai anaingia, anafunga mlango, anabonyeza kitufe. Dashibodi inawaka, redio inaanza kuimba, naye anakaa pale na kitambaa chake akifuta vumbi ambalo halipo. Injini haikutoa sauti hata kidogo. Hilo halikumshtua, kwa sababu aliwahi kuambiwa magari haya ni ya kimya. Kwa hiyo mtu aliyeishi kwa masikio yake akaamua, safari hii, kuliamini gari lisilosema kitu.

Na hapo ndipo alipochemsha. Gari la namna ile lina betri mbili. Kubwa ndiyo inayolisukuma. Ndogo, iliyofichwa nyuma kwenye buti, ndiyo inayoamsha kompyuta, taa na redio. Ukibonyeza kitufe bila kukanyaga breki, gari haliwaki. Linafumbua macho tu, na kila kinachowaka kinainyonya ile betri ndogo. Fundi Dizeli hakuwahi kukanyaga breki. Lori gani linalodai breki ndipo liwake? Kila asubuhi alikuwa akiikamua betri huku akiamini anaishibisha.

Siku ilipokata roho, alibonyeza kitufe na hakuona hata cheche. Alizunguka gari mara kadhaa, akafungua boneti, akasimama akitazama mifuniko ya plastiki na waya nene za rangi ya chungwa ambazo alijua si za kuguswa. Bisibisi yake ilikuwa mkononi. Hakukuwa na cha kusikiliza. Alirudi ndani akiwa na hasira, akanywa maji, na baada ya kujipa moyo sana akampigia bintiye, yeye mwenyewe, siku ambayo haikuwa Jumapili.

"Mama," alisema, kwa kuwa ndivyo alivyomwita tangu mdogo, "gari lako limegoma."

Alitegemea lawama. Binti alicheka. Alikuwa mapumzikoni, akasema subiri baba, niangalie kwenye mtandao, na akaanza kumsomea. Akamweleza kwamba ndani ya rimoti mna ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango. Mzee aliutoa kwa kucha, akastaajabu. Buti likakataa kufunguka, maana nalo ni la umeme, hivyo ikabidi apite ndani, apande viti vya nyuma kwa magoti, atafute kikamba cha dharura kwa kupapasa. Magoti yakalia. Kichwa kikagonga paa.

"Baba, umeumia?"

"Nimeumia heshima."

Wakacheka wote wawili. Alipokuwa amelala kifudifudi kwenye viti, simu imebanwa begani, binti akaanza kumsimulia mambo ambayo hakuwahi kuyasema Jumapili: kwamba jirani yake wa mlango wa pili hajawahi kumjibu salamu, kwamba chakula anakula amesimama koridoni, kwamba kule hakuna mtu anayemuuliza chochote isipokuwa saa ya dawa. Mzee alisikiliza. Kusikiliza alikuweza. Simu ile ilidumu mpaka sikio likamuuma, na alipoikata aligundua kwamba redio ilikuwa imezimwa tangu asubuhi na hakuikumbuka.

"Kesho nitapiga tuendelee," binti alikuwa amesema. "Ila unakanyaga breki lakini, baba, unapobonyeza?"

"Unanionaje wewe? Nakanyaga."

Lakini neno breki lilimwingia. Asubuhi akatoa chaja yake ya karakana, akaichaji betri ndogo mpaka ikashiba, akaketi, akakanyaga breki, akabonyeza. Taa ndogo ya kijani ikatokea kwenye dashibodi. Akaweka gia, akaachia breki kidogo, na gari likasogea kimyakimya kama linanyata. Akalirudisha mahali pake. Kosa alilijua lote, mwanzo wake na mwisho wake, na dawa yake ilikuwa pale mguuni. Alipaswa kufurahi.

Jioni simu ikaita. "Vipi baba, limewaka?"

Fundi Dizeli alifungua kinywa kusema limewaka. Akaona mbele yake Jumapili zote zile, umekula, nimekula, dawa je, na kikohozi kikamshika.

"Bado," alisema.

Hakuwahi kusema uongo kuhusu gari. Kuhusu mambo mengine, sawa, ni binadamu, lakini gari bovu aliliita bovu na zima aliliita zima, na kwa hilo alikosana na matajiri wawili. Sasa alijifanya hamnazo. Binti akapiga kesho yake, na kesho kutwa. Wakakagua vichwa vya betri kama vimeshika kutu. Wakabadilisha betri ya rimoti. Wakasoma juu ya swichi ya breki. Katikati ya hayo binti alikuwa akisimulia, na yeye pia akaanza, kidogokidogo: jinsi nguo za marehemu zilivyo bado kabatini, na kwamba hajui azipeleke wapi.

Uongo ule haukuwa wa bure. Mtaani habari zilienea, na mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, mtu asiyejua hata kubadilisha tairi, akamsimamisha barabarani mbele ya watu.

"Fundi, nasikia umepigwa bao na kigari cha mtoto."

"Ndiyo, mwalimu. Limenishinda."

Watu wakacheka, na wengine, kibaya zaidi, wakamwonea huruma. Jina alilolijenga kwa mikono na masikio lilikuwa likimwagika hivihivi, naye angeweza kuliokoa kwa kukanyaga breki. Iliuma. Alikwenda nyumbani akiwa ameuma meno, na jioni, simu ilipoita, akasema tena bado.

Kila asubuhi aliliwasha ipasavyo ili betri isife kweli. Siku moja alichelewa, alikuwa na miadi ya macho, hivyo akaliwasha mchana jua linapoanza kushuka, akafungua kiyoyozi, akaketi. Simu ikaita akiwa mlemle ndani. Aliipokea upesi. Gari halikuwa likitoa sauti yoyote, na mtu aliyezoea injini za kukohoa husahau kuzima kitu kisichopiga kelele.

"Leo tujaribu nini?" aliuliza.

Binti alikuwa ameanza kumsomea. Ghafla, chini ya boneti, injini ikajiwasha yenyewe. Ndivyo magari yale yalivyo: umeme wa betri kubwa ukipungua, injini inaamka bila kuulizwa, ichaji. Ilikuwa sauti laini, safi, isiyo na hitilafu hata moja. Fundi Dizeli aliitambua. Alipapasa kitufe kwa kidole, akakikosa.

Binti aliacha kusoma. Lile gari aliliendesha miaka yote ya mwanzo ya kazi yake.

"Baba, hiyo ni sauti ya nini?"

"Lori," alisema mzee. "Linapita barabarani."

"Lori?"

"Lori dogo."

Injini iliendelea kuunguruma kati yao. Mzee aliona haya ambayo hakuwahi kuiona katika umri wake wote, akawa anangoja aambiwe haya basi baba, nakimbilia zamu, na alijua akiambiwa hivyo hatakuwa na neno la kumzuia. Akasikia upande wa pili mtu akivuta kamasi, polepole, simu ikiwa imewekwa mbali kidogo na uso.

"Basi, baba," binti alisema. "Kesho tuangalie fyuzi."

"Fyuzi ni nyingi mno, mama."

"Najua. Tutaangalia moja moja."