Mchezaji Wangu Alikuwa Mtiifu

Kawangware yote imeshajua yaliyonipata, kwa hivyo hata nyinyi wacha niwaambie. Mimi ndiye mtaalamu wa vigemu vya mkononi hapa mtaani, na bado ni mimi.

Juzi Mama Njoki, landlady wangu, alikuja kibandani kwangu ninakoviuza, akimtafutia mzee wake kimoja cha kucheza zile gemu za zamani za mpira. Nikawasha viwili. Cha kwanza, nikamwambia, kina skrini kubwa lakini batani ni nzito.

"Sasa cheki hiki, mathe."

Nikapiga chenga mabeki watatu, vidole vikirukaruka kama vya mpiga kinanda wa kanisani, nikafunga bao. Wapita njia wakasimama. Nikapandisha sauti: "Hiki ukikigusa tu, kinatii."

Mama Njoki alikuwa akitazama vidole vyangu. "Hebu kiweke chini kwanza."

Nikakiweka mezani, nikakunja mikono kwa maringo. Mchezaji wangu akachukua mpira, akampita beki, akafunga bao la pili.

Mama Njoki akainamia skrini. "Hapa imeandikwa ubonyeze start," akasema. "Kijana, bado hujaanza kucheza."