Kaunta Yangu ya Bangwe

Fundi seremala wa Rusimbi alipouona mchoro wangu, aliniuliza hiyo mimbari ni ya kanisa gani. Nikamwambia si mimbari, ni kaunta ya kuweka sebuleni kwangu Bangwe. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, kisha akasema, "Dada, kwani unafungua baa nyumbani?" Nilimjibu vibaya, maana swali hilo nilishaulizwa na dereva wa bajaji, na fundi umeme, na mama mwenye nyumba. Mwanamke anayeishi peke yake akinunua sofa hakuna anayemuuliza. Akiweka kaunta, kila mtu anataka maelezo.

Maelezo yenyewe ni mafupi. Nilikuja Kigoma kwa uhamisho nikitokea Tanga, kupima maji kwenye maabara. Mchana ninayo kazi. Jioni sina kitu. Nilikuwa nimeachika, mtoto sikujaliwa, na jioni za Bangwe ni ndefu: jua linazama nyuma ya milima ya Kongo, wavuvi wa dagaa wanawasha taa zao ziwani, na mimi nimekaa na rimoti mkononi.

Ndipo nikamkumbuka baba. Alikuwa mhudumu wa baa kwenye hoteli moja kubwa pale Tanga, enzi za wahudumu kuvaa koti jeupe na tai ya kipepeo. Nilipokuwa mdogo alinifundisha kuchanganya vinywaji vya wakati ule, kwa juisi na soda badala ya pombe. Alinifundisha kutikisa, kuchuja, na kumenya ganda la ndimu likatoka utepe mmoja usiokatika. Alinifundisha pia sheria yake kuu: mhudumu hanywi mbele ya mteja. Mteja kwanza. Wewe ukiwa na kiu, nenda kanywe maji jikoni.

Basi nikaanza kukusanya. Ujiji nilipata redio ya mbao ambayo haisemi tena. Nikaitia taa ndani, ikawa inawaka rangi ya asali. Nikapata kioo cha ukutani chenye maua pembeni, sinia la bati, na glasi pana zenye shingo nyembamba ambazo aliyeniuzia alikuwa akiwekea shanga. Kila pombe niliihamisha kutoka chupa yake ya dukani, nikaitia kwenye chupa za nakshi zenye vizibo vya kioo, maana zile nembo zilikuwa zinaharibu sura. Maganda ya machungwa na mdalasini niliyaloweka kwenye pombe kali mpaka pombe ikawa chungu kama shubiri, nikaichujia kwenye kichupa cheusi. Matone yake nilikuwa nayadondosha kama ninavyodondosha dawa kwenye sampuli kazini. Barafu ndiyo iliyonitesa. Umeme ukikatika nilikuwa nanunua kwa wauza samaki wa Kibirizi, na barafu ile, hata uisuuze vipi, inakuletea habari za samaki mgebuka.

Kaunta ilipendeza. Hilo nalisema bila haya. Mbele yake nikapanga viti virefu vitatu, nikakaa nyuma yake kusubiri watu, na watu hawakuja. Wanaume wa ofisini walikuja mara moja, wakaulizia bia, na mmoja wao akaulizia chumba cha kulala kiko wapi. Niliwafungulia mlango watoke. Majirani zangu wengi ni Waislamu, na kaunta ile haikuwa yao. Tukawa tunasalimiana kizingitini kwa upendo na kila mtu anabaki upande wake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuwa mgonjwa wa upweke, na wa kuniponya hakuonekana.

Alikuja hatimaye. Alikuwa mama wa nyumba ya pili, mkunga mstaafu, mjane, Muha wa Kasulu. Alipiga hodi Jumamosi moja alasiri, nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku akichungulia sebuleni. "Ndiyo hiyo wanayoisema?" aliuliza. Nikamsaidia kupanda kwenye kiti kirefu, akacheka hadi machozi yakamtoka. Nami nikampa mgongo, nikaanza kazi: jini, ndimu, shira ya sukari, ute wa yai, matone yangu matatu, tikisa. Nikamwekea mbele yake ile glasi pana imejaa povu jeupe, nikakunja mikono kumtazama.

Aliinua glasi, akaigeuza kwenye mwanga wa redio. "Mh! Kazuri haka," alisema. Kisha akaiweka chini.

Tulizungumza mpaka giza likaingia. Alinisimulia wanawake aliowazalisha ndani ya maboti wakitolewa Mwamgongo kupelekwa hospitali, na waume zao waliozimia. Nilicheka siku ile kama sijawahi kucheka tangu nifike Kigoma. Aliposhuka kitini alinishukuru sana. Glasi aliiacha pale pale, povu limekufa, kinywaji kimejaa vilevile. Nilikimwaga kwenye sinki kwa hasira.

Jumamosi iliyofuata alirudi, na iliyofuata, akawa mgeni wangu wa kila wiki. Kila mara nilimtengenezea kitu kipya: brandi na tangawizi, jini na nanasi, hata kile cha rangi mbili alichokuwa anaringia baba, ambacho ukitikisika mkono kimeharibika. Kila mara alikisifu, akakiweka chini, akala dagaa wangu wa kukaanga na kupiga soga. Mwanzoni nilidhani ni dawa za presha zinamkataza. Lakini kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani nilimwona kwa macho yangu akinywa bia, na kuomba nyingine. Kumbe anakunywa. Kumbe ni changu tu ndicho asichokitaka.

Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimeshampenda mama yule, na nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: anywe. Akinywa, niliona, basi ninaye mtu Kigoma. Asiponywa, mimi ni yule yule mwanamke wa uhamisho mwenye kaunta. Kumuuliza sikuweza. Ningejiona naomba.

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba, na mwanawe akaja na gari kumchukua akaishi kwake Kasulu. Asubuhi ya safari mama aliniita. "Mwakeye," alinisalimu kwa Kiha, akipiga makofi taratibu kama wanavyofanya kwao. Sebule ilikuwa tupu, limebaki jamvi na kibuyu cha pombe ya ndizi. Tukaketi chini. Akamimina kwenye kikombe, akanywa funda moja akinitazama usoni, akameza, ndipo akanipa kikombe kile kile.

Nilikipokea, nikasita. "Mama, mbona umetangulia wewe? Mgeni si mimi?"

"Ee! Nisipoonja utakunywaje?" Alishangaa kweli. "Utajuaje kama sikukutilia kitu? Kwetu anayekaribisha ndiye anayeonja. Asiyeonja ana lake jambo."

Hapo nikaiona kaunta yangu kwa macho yake. Chupa zisizo na majina. Mwanamke wa maabara amempa mgongo, anadondosha vitu kutoka kichupa cheusi huku midomo ikihesabu. Halafu anageuka, anamwekea glasi, yeye mwenyewe hagusi hata tone, anakunja mikono na kungoja kwa hamu mgeni wake anywe. Nilicheka kwa sauti. Yeye pia alicheka, maana aliona nimeelewa.

"Kwa hiyo kila Jumamosi ulikuwa unaniogopa?"

"Nilikuwa nangoja. Nasema, leo ataonja. Haonji. Nasema, labda Jumamosi ijayo."

"Na kama uliona naweza kukutilia sumu, mama, mbona uliendelea kuja?"

Alinyoosha mkono, akafuta kwa kiganja mdomo wa kikombe nilichokishika, bila haraka. "Sasa ningekuacha na nani, mwanangu?"

Nililia pale jamvini, mtu mzima mimi, mwanawe akiingia na kutoka na magodoro akijifanya hanioni. Nilitaka kumwomba aje kwangu mara moja tu, nimtengenezee, nionje mbele yake, anywe. Lakini kijana alikuwa ameshawasha gari, na safari ya Kasulu haitaki jua kali kwa mtu mwenye miguu ile. Tulimaliza pombe iliyokuwa kikombeni, funda lake, funda langu, kisha nikamshika mkono mpaka garini.

Jumamosi sasa naonja kwanza, kila glasi. Sina wa kumpa.