Siku Kichwa Kilipomleta Mkunga

Jamani, mmewahi kuitiwa mkunga kwa sababu ya kichwa?

Leo mjukuu wangu mjamzito kalalamika kichwa, nikakumbuka changu. Ziwani, mwaka sabini na mbili, mimba ya miezi saba.

Kilinishika upande mmoja, jicho moja likitiririka machozi. Kulala siwezi, nikawa nazunguka uani nikilia.

Mama mkwe akaniona. "Uchungu huo!"

Mkunga akaitwa, mume wangu akafuatwa bandarini.

"Mama, ni kichwa tu!"

"Wote husema hivyohivyo."

Kikaacha ghafla, kama kawaida yake. Nikaomba muhogo.

Mume akaja mbio, akanikuta natafuna, akazimia.

Mkunga hakutaka safari ipotee. Kitanda alichonitandikia mimi, akamlaza yeye.

Babu yenu anasoma hapa begani kwangu. Eti ni jua tu lililomwangusha.

Haya, semeni nyie.