Restuta, mshona maturubai aliyekataa kuahirisha chuo

Saa mbili asubuhi, foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, imegota. Hakuna gari linalosogea. Madereva wamezima injini, wengine wanapiga mswaki pembeni ya matairi, wengine wamemzunguka mama lishe mmoja kila mtu akitaka chai yake kwanza.

Juu ya trela lililosheheni mbolea, mwanamke aliyejifunga kitenge juu ya suruali amepiga magoti kwenye turubai lililochanika. Mkononi ana shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na uzi wa nailoni. Sikio moja amelichomekea spika ndogo ya simu. La pili ameliacha wazi ili amsikie dereva.

"Bamayo, bado?" dereva anaita kutoka chini. Ni Mzambia, anarudi Kitwe, na hivyo ndivyo wanavyomwita mama kwao.

"Bado kidogo. Ngoja nimalize swali."

Dereva anamwangalia utingo wake, utingo anainua mabega. Swali gani tena, wakati kazi ni kushona?

Swali linatoka kwenye simu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuning'inizwa shingoni. Sauti ya mwanamke, laini, ya mtu ambaye kwa kuisikia tu unajua amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, inauliza: Je, umejitafutia mahali patulivu pa kujisomea?

"Ndiyo, dada," Restuta Silwimba anaijibu kwa sauti, bila kuacha kushona. "Ninapo, hapa juu."

Restuta, mwenye umri wa miaka 38, ni fundi maturubai katika mji wa Tunduma, mkoani Songwe. Pia ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa astashahada ya usafirishaji na ugavi katika chuo kimoja cha binafsi mjini hapa. Au tuseme hivi: chuo kilikaribia kumwambia si mwanafunzi tena, yeye akakataa.

Alizaliwa Ndalambo, wilayani Momba, kwa wazazi wakulima. Shule aliiacha kidato cha pili, baba yake alipougua na shamba likabaki bila mikono. Tunduma alikuja akiwa ameolewa, akajifunza kushona maturubai kwa mjomba wa mumewe, na mume alipofariki akaendelea na kazi hiyo hiyo akiwa na binti yake, Goodness, mgongoni.

"Watu walishangaa mwanamke kupanda trela," anasema. "Nikawaambia, turubai likivuja mzigo ukalowa, haliulizi aliyeshona ni nani."

Miaka michache iliyopita, ghala moja la mizigo lilikuwa linatafuta msimamizi wa kupokea malori. Restuta alikuwa ameshashona maturubai ya ghala hilo kwa muda mrefu, akaomba. Karani alimtazama kuanzia viatu mpaka kilemba, akamuuliza cheti. Hakuwa nacho.

"Akaniambia, 'Wewe mama shona tu.' Hakuniambia kwa ubaya, na hicho ndicho kilichoniuma. Aliniambia kama mtu anayenionea huruma."

Siku hiyo hakulia, anasema, ila aliharibu turubai la mtu kwa hasira na ikabidi alifumue lote aanze upya. Mwaka uliofuata alijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akapita mtihani wa maarifa, unaowapa kibali wasiomaliza shule, kisha akafanya wa kidato cha nne. Mara ya kwanza hakufaulu. Akarudia. Ndipo akaingia chuo.

Chuoni alikutana na kitu kipya. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analazimika kusoma, kwa njia ya mtandao, kozi inayoitwa Programu ya Mafanikio. Haifundishi usafirishaji wala hesabu. Inafundisha namna ya kuwa mwanafunzi: kugawa muda, kusoma ukiwa na lengo, kuandika muhtasari, kulielewa swali la mtihani, kuomba msaada. Kila somo lina maswali mwishoni, na wakufunzi wanaona kwenye kompyuta zao jinsi kila mmoja anavyoendelea. Anayekwenda vizuri ana rangi ya kijani. Anayelegalega, njano. Anayeonekana kupotea, nyekundu.

Wenzake wengi waliiona mzigo. Yeye aliipenda tangu somo la kwanza.

"Shuleni niliambiwa soma, soma, soma. Hakuna hata siku moja mtu aliyekaa akaniambia unasomaje," anasema. "Mimi nilikuwa nikiulizwa 'linganisha', naandika kila ninachokijua mpaka karatasi inaisha. Kumbe wanataka uweke viwili pembeni kwa pembeni. Kitu kidogo hicho, mtu mzima nakijua leo!"

Kwa kuwa mchana wote yuko juu ya malori, alibuni namna yake. Masomo aliyapakua yote kwa mkupuo akiwa nyumbani, mtaa wa Majengo, kisha akayasikiliza akishona. Somo moja aliweza kulisikiliza mpaka likamkaa kichwani kama wimbo wa kwaya.

Alichokuwa hajui ni kwamba programu haikuwa inamwona. Ilihesabu muda ambao mwanafunzi yuko mtandaoni, akigusa kioo cha simu. Aliyepakua na kusikiliza, kwa programu hakuwepo. Na alipotaka kujibu maswali akiwa kwenye foleni, maana usiku alirudi nyumbani akiwa hoi, simu ilikuwa imeshahamia mtandao wa Zambia, kama simu za watu wote walio karibu na mpaka. Bando linagoma, saa ya simu inarudi nyuma kufuata ya Zambia, majibu yanazunguka tu kwenye kioo hayaendi popote.

Akaanza kupata ujumbe. "Tumekukosa, Restuta! Usikate tamaa." Kesho yake tena: "Bado hujachelewa kurudi." Binti yake, Goodness, ambaye sasa yuko sekondari, aliusoma mmoja wao akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, hawa watu wanadhani umetoroka."

Rangi ikawa njano, kisha nyekundu. Muhula ukiwa katikati, Restuta aliitwa ofisini kwa mkufunzi wake, Fanueli Kibona, kijana mpole kutoka Ileje ambaye ndiye mlezi wa darasa lao.

Mwalimu Fanueli alimkaribisha kiti, akamwonyesha kompyuta. Jina lake lilikuwa chini kabisa, katikati ya majina mengine mekundu.

"Mama Goodness," alianza, "uongozi unashauri uahirishe masomo mpaka mwakani. Ujipange. Tunajua una majukumu."

"Nani kasema sisomi?"

"Programu inaonyesha hujaingia wiki tatu."

"Programu haijawahi kupanda lori, Mwalimu. Niulize wewe. Niulize somo lolote."

"Siyo mimi ninayeamua..."

"Basi niitie anayeamua."

Mkuu wa taaluma aliitwa. Alikuja na maneno yale yale, ya upole, ya kumtakia mema. Restuta anasema maneno hayo aliyafahamu. Alikuwa ameshayasikia ghalani.

Alisimama.

"Somo la sita la programu yenu linaitwa Kuomba Msaada," aliwaambia. "Linasema mwanafunzi anayefaulu si yule asiyekwama, ni yule anayesema mapema kwamba amekwama, na anasema kwa sauti. Mmenifundisha wenyewe. Sasa nasema kwa sauti: mtandao unanikwamisha, kichwa hakijakwama. Naomba msaada. Siombi kwenda nyumbani. Mkitaka niondoke, niandikieni barua muweke na muhuri, mseme nimefeli mtihani gani."

Nje, mwanafunzi mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alipiga makofi, kisha akajifanya anaua mbu.

Barua haikuandikwa. Lakini rangi nayo haikubadilika, na mkuu wa taaluma alimwambia wazi kwamba programu ikiendelea kumwonyesha hivyo, hatamruhusu kuingia kwenye mitihani ya mwisho wa muhula.

Mwalimu Fanueli ndiye aliyechukua hatua iliyofuata, na mwenyewe anakiri hakuwa na uhakika nayo. Alikwenda kwenye foleni ya malori. Alimkuta Restuta amelala kifudifudi juu ya trela, akishona pembe ya turubai.

"Nilimwuliza swali la somo la nne nikiwa nimesimama barabarani, huku malori yananipigia honi," anasimulia mkufunzi huyo. "Akanijibu kutoka juu. Nikauliza la tano, akajibu, akaniuliza na yeye swali ambalo ilibidi nikalitafakari. Nikatoa simu yangu nimwonyeshe pa kujibia. Nikakuta imeshavuka mpaka kabla yangu."

Alirudi chuoni na pendekezo: wanafunzi wenye matatizo ya mtandao wajibu maswali Jumamosi, kwenye kompyuta za chuo, mbele yake. Mkuu wa taaluma alisita. Anasema hakuwa na nia mbaya, na ana hoja. Kabla ya programu, chuo kilikuwa kinagundua kwamba mwanafunzi ameacha masomo siku ya mtihani, kiti kikiwa kitupu. "Sasa tunajua mapema, tunampigia simu. Wapo waliorudi kwa sababu hiyo," anasema. "Nilihofu kila mtu angekuja na kisingizio chake."

Alikubali kwa muhula mmoja, kwa majaribio.

Jumamosi ya kwanza, Restuta hakuja peke yake. Alikuwa amewatafuta wenye majina mekundu mmoja mmoja. Alikuja na Yassir, dereva wa bodaboda ambaye wazazi wake walihamia Tunduma kutoka Tanga kufanya biashara. Alikuja na Recho, anayeuza mchele sokoni na kunyonyesha mtoto. Wengine walifuata nyuma. Walipoulizwa mlangoni wao ni kina nani, Yassir alijibu, "Sisi ndio Wekundu."

Jina likashika. Wanafunzi wa kijani waliwatania, wao wakalibeba kama jina la timu. Kila Jumamosi walikaa, wakaweka somo kwenye spika, wakalisimamisha kila walipotaka kubishana. Somo la ratiba ndilo lililoleta vurugu kubwa. Programu ilikuwa na ratiba ya mfano: kusoma jioni, chumbani, baada ya chakula.

"Recho akauliza, chakula hicho kimepikwa na nani?" anakumbuka Yassir. "Tulicheka, halafu tukaacha kucheka. Mama Goodness akasema, basi tuandike yetu. Akaandika 'foleni ikigota', mimi nikaandika 'abiria akiingia benki', Recho akaandika 'mtoto akilala'. Ratiba yangu ile ndiyo ninayoifuata mpaka leo."

Yassir anakiri alikuwa ameshaamua kuacha chuo. Hakumwambia mtu. Restuta alimfuata kijiweni mbele ya wenzake, akamwambia, "Jumamosi njoo, au nitakuja kukufundishia hapa hapa mbele ya abiria." Alijua mama huyo hatanii.

Si wote waliofika mwisho. Wawili waliacha katikati, mmoja akahamia Vwawa kutafuta kazi, mwingine hakusema sababu. Restuta bado hulitaja jina la huyo wa pili kwa kusikitika, na bado humpigia simu.

Mitihani ilipofika, Wekundu waliobaki waliruhusiwa kuingia. Matokeo yalibandikwa ubaoni siku ya mvua. Yassir amefaulu yote. Recho amefaulu yote. Restuta amefaulu masomo yote isipokuwa takwimu, na anatakiwa kurudia mtihani huo, ambao wanafunzi wanauita sapu.

Kuna watu waliomhurumia. Jirani mmoja alikwenda kumpa pole nyumbani kabisa, kama kuna msiba.

"Nikamwambia keti, kunywa chai, hapa hakuna aliyekufa," anasema Restuta. "Mimi ni mtu niliyeishia kidato cha pili. Nimefaulu sheria za usafirishaji, nimefaulu utunzaji wa ghala, nimefaulu mawasiliano. Imebaki takwimu. Takwimu ni somo, si simba."

Chuo kimeamua kuendelea na vikao vya Jumamosi kwa wanafunzi wapya, na Mwalimu Fanueli amemwomba Restuta akae na kundi la kwanza. Programu yenyewe haijabadilika. Bado inamtumia ujumbe wa kumtia moyo arudi. Ameacha kuufuta. Anasema siku hizi anauchukulia kama salamu ya ndugu wa mbali asiyejua habari za nyumbani.

Kwa sasa anajiandaa na sapu. Goodness, ambaye hesabu anazipenda, anamfundisha jioni mezani. Binti anakiri kwamba mwanafunzi wake ni mbishi. "Hakubali jibu mpaka nimwambie limetoka wapi. Mwalimu wetu shuleni angemfukuza," anasema, na mama yake anamrushia kitambaa cha mezani.

Akimaliza astashahada, Restuta anataka kuendelea na stashahada. Pia ameanza kuzungumza na wenye malori kuhusu karakana ya maturubai yenye paa, upande wa Mpemba, ambako magari yatashonewa kabla ya kufika kwenye foleni. Anataka kuajiri wanawake, na anataka wale watakaopenda kusoma waruhusiwe kusoma wakiwa kazini.

Je, asipofaulu takwimu?

Anaangalia upande wa pili wa barabara, ambako lori lingine limeshasimama na dereva anaonyesha kwa kidole mahali palipochanika. Anaokota uzi wake.

"Nikianguka, nitarudia. Nikianguka tena, nitarudia tena," anasema. "Wakinitoa, nitaomba upya kwa jina hili hili, kwenye dirisha lile lile la usajili. Wao chuo chao kipo Tunduma, na mimi Tunduma sihami."

Kisha anapanda.